Karafuu za Mama Mwajuma

Mwezi uliopita gego lilinisumbua mpaka nikakubali kwenda kwa daktari wa meno hapa Kalemie. Nilipofungua mlango, harufu ya karafuu ikanipokea. Kumbe madaktari hao wana dawa yao inayonukia hivyo. Mimi ningejuaje, na maisha yangu yote nilikuwa nawakimbia? Nilikaa kwenye kiti, machozi yakaanza kunitoka hata kabla sijaguswa. Daktari, kijana mpole, akaniapia kwamba haitauma. Nikamwacha aamini kuwa ni woga. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba chumba chake kilinukia mama yangu?

Mama alinukia karafuu asubuhi na jioni. Zililetwa na wafanyabiashara wa Kigoma pamoja na kanga na sabuni, naye alizifunga kwenye pindo la kitenge, kifundo kidogo kigumu ambacho kilinichoma shavuni kila nilipolala mapajani mwake. Pindo la pili la kitenge hicho lilikaa mdomoni. Akiongea, aliongea nyuma ya kitambaa. Jambo likichekesha, kitambaa kilipanda mpaka puani. Sisi ni watu wa ziwani, Waislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Mwanamke mwenye haya, walisema, na wakataka binti zao wamuige.

Tena alikuwa na sura ya kusemwa. Wanawake walioanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja naye mchangani, juani kutwa nzima, walikuwa wamekwisha kupata mikunjo kutoka puani hadi kidevuni. Mashavu ya mama yalibaki laini, pembeni mwa kitambaa hapana hata mstari. "Mama Mwajuma hazeeki," walisema, wakimwita kwa jina la dada yangu mkubwa. Shangazi Asha, dada wa baba, alikuwa na maelezo yake, na Shangazi Asha hakukosa maelezo juu ya kitu chochote. Alituketisha sisi wasichana na kutuonya.

"Kucheka cheka njo kunakunjaka sura. Muangalie mama yenu. Mulishaka kumuona anacheka ovyo?"

Hatukuwa tumemwona, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nilikuwa kitindamimba, mwenye maneno mengi na pengo kubwa mbele, kwa maana meno yangu ya utoto yalikuwa yanang'oka, na shida yangu moja hapa duniani ilikuwa kumfanya mama anichekee. Niliigiza jirani anavyofukuza mbuzi. Niliigiza Shangazi Asha anavyopokea wageni asiowataka. Watu wa ua mzima walivunjika mbavu. Mama alivuta kitenge juu, nami nikakikodolea macho kile kitambaa, nikingoja kishuke nione. Hakikushuka hata mara moja. Mwishowe nikaamua kwamba ananipenda, ndiyo, lakini kwa kadiri.

Kisha Mwajuma akaposwa. Kwetu bibi harusi hufungiwa ndani kabla ya ndoa, asipigwe na jua, asuguliwe na kupakwa mpaka ang'ae. Kazi hiyo ni ya mashangazi na somo wake, yule mwanamke anayemfunda. Mama mzazi haingii chumba kile. Hupika, hupokea wageni, huulizia habari mlangoni. Mimi niliruhusiwa kwa sababu nilikuwa mdogo na kwa sababu hakuna aliyefaulu kunitoa.

Siku moja mama alikuwa ameenda ufukweni kugeuza ndagala zake. Ndani, wanawake walikuwa wamechoka na liwa wanayopakwa mabibi harusi wote, wanataka kitu cha kushinda harusi zote za mtaani. Wakaanza kuulizana mama anapaka nini usoni. Walishamuuliza mwenyewe mara nyingi, naye hutikisa kichwa tu nyuma ya kitenge, jambo lililowahakikishia kabisa kwamba anaficha. Shangazi Asha akapiga makofi.

"Karafuu! Hamusikiaka ile harufu yake? Mutu hawezi kutembea na karafuu kila siku bure."

Ikawa hivyo. Wakatwanga karafuu mpaka zikawa unga, wakazichanganya na mafuta ya mawese moto moto, wakampaka Mwajuma mashavu yote, paji la uso na pembeni mwa mdomo. Wakamwambia asicheke wala asilie, dawa isivunjike. Mwajuma alistahimili kidogo, mikono kaikunja. Halafu akaanza kutetemeka. Akasema inawaka. Wakasema ndiyo, inaingia. Nilimwona dada yangu anauma kitambaa, machozi yanachimba njia katika yale mafuta mekundu, nami nikatoka mbio hadi ufukweni.

Mama hakuniuliza mara mbili. Aliacha samaki pale pale kwa kunguru. Alifika, akasukuma mlango ambao hakupaswa kuusukuma, akakuta Shangazi Asha anachota bakulini mara ya pili.

"Acha, wifi."

"Toka, Mama Mwajuma. Hapa si pako. Bado haijaingia vizuri."

"Nimesema acha! Karafuu haiko ya sura."

"Basi iko ya nini? Sema leo. Miaka yote unatunyima."

Mama akasimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimeshika nguo yake kwa nyuma, nikausikia mwili wake unavyokaza. Kisha akashusha kitenge, mbele ya wanawake wote wale, akafungua mdomo wazi.

Nilizunguka ili na mimi nione. Mbele hapakuwa na meno. Pembeni vilibaki vipande, vyeusi, vimevunjika, na katikati ya vipande hivyo alikuwa amechomeka karafuu moja moja, jinsi mtu anavyoziba ukuta unaovuja.

"Iko ya meno," alisema. "Njo inanisaidiaka nilale." Akagusa ufizi kwa kidole. "Hili lilienda na Mwajuma. Hili na yule aliyemufuata. Haya ya mbele yalienda na huyu mudogo. Sasa muoshe mutoto wangu sura."

Kwetu walisema kila mtoto huzaliwa na jino la mama yake. Nililisikia neno hilo mara nyingi bila kulifikiria. Siku ile lilinishukia. Meno ya mbele, yale ya kuchekea, nilikuwa nimeondoka nayo mimi.

Maji yakaletwa. Mama mwenyewe alimwosha Mwajuma, polepole, akimpulizia usoni kama mtoto mchanga, na hakujisumbua kujifunika mpaka alipomaliza. Ndipo mimi, niliyekuwa natafuta namna yoyote ya kurekebisha mambo, nikamwendea, nikamfungulia mdomo wangu wenye pengo, nikamwambia:

"Mama, angalia. Tuko sawasawa."

Akaniangalia. Akavuta kitenge upesi mpaka puani, akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Yalitikisika kwa muda mrefu. Nikajua nimemliza mama yangu mbele za watu. Nilienda kujificha nyuma ya choo mpaka nilipoitwa kula.

Mwajuma aliolewa ngozi ikimbambuka chini ya shela, na katika foto zote za harusi uso wake umefunikwa. Yeye alikuja kuvicheka visa hivyo. Mama, kwa nilivyoona, hakupata nafasi hiyo. Habari ya mdomo wake ilifika ufukweni kabla ya Ijumaa, na wale waliomtamani sura sasa walimtazama kitenge kwa jicho la kujua. Hakuna aliyemwambia tena kwamba hazeeki. Nami niliacha kuigiza watu. Niliogopa nisimlize tena.

Magego yake nayo yakaisha, moja baada ya jingine. Karafuu hazikuwa na pa kuchomekwa. Hapo mashavu yale laini yakaporomoka, midomo ikaingia ndani, na mikunjo iliyochelewa miaka yote ikaja kwa pupa. Daktari wangu yule wa meno amenieleza kwamba meno ndiyo yanayoshikilia mashavu. Yakiondoka, nyama haina pa kuegemea. Nilipoanza kazi nilitaka kumpeleka Lubumbashi atengenezewe meno ya bandia. Alikataa kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa anachambua maharage.

"Sasa nitachekea nani nayo?"

Alifariki msimu wa mvua uliofuata.

Shangazi Asha, mzee kupita kiasi, alikuwa pale mama alipokata roho. Akaniambia nimfunge taya haraka kabla mwili haujakaza, kitambaa kipite chini ya kidevu kifungwe utosini, mdomo usibaki wazi. Nilichana pindo la kitenge chake. Fundo la karafuu lilikuwa humo bado, ingawa hakuwa na jino la kulituliza. Nilipofunga, mdomo ukafumbika kama alivyopenda, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kitambaa cha kungoja kishuke. Nikamtazama macho. Pembeni mwake, upande huu na upande ule, kulikuwa na vijistari vingi vyembamba vinavyotawanyika hadi kwenye nywele, vya zamani, vimezama. Havikufanana na mikunjo ya mashavu iliyokuja juzi juzi.

Shangazi akapeleka kidole, akavigusa.

"Hizi njo za kucheka," alisema. "Na mimi nilisemaka hana hata moja. Toka siku ile ya karafuu, usiku alikujaka kunihadisia vituko vyako vyote, mutoto wangu, tunacheka mpaka anashika mbavu. Ile ya 'tuko sawasawa' alinihadisia mpaka uzee."

Nikakaa chini pale kitandani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimetazama kitenge, na mama yangu alikuwa akinichekea hapo juu tu, mahali palipokuwa wazi.

Siku ile, ukutani, alikuwa anacheka.