Ndoo ya Buluu Niliyoitoa Gerejini

Wasomaji wangu, mama mmoja wa Maplewood, huku ughaibuni, ametutoka. Ujumbe ulinikuta asubuhi nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari, katika baridi ile inayogandisha salamu mdomoni kabla hujamaliza kuitoa. Tulifahamiana shule ya jioni, yeye akitoka kuhudumia wagonjwa, mimi nikitoka kupakia maboksi ghalani, tukikaa dawati la nyuma na kusinzia kwa zamu. Alinishinda katika kila somo, na katika kusinzia pia.

Alikuwa na wazimu mmoja tu: fuksia, maua yale mekundu na zambarau yanayoning'inia kama hereni za bibi harusi. Mche wa kwanza aliununua wiki aliyomzaa bintiye, akaupanda uani kwa kuwa kibandiko kilisema unastahimili baridi. "Baridi ya wapi, kaka? Hawakusema!" Theluji ya kwanza ilipoanguka aliung'oa akilia, akautia kwenye ndoo ya buluu, akauficha gerejini, kile chumba cha kuegeshea gari nyumbani kwake. Mwezi wa tano ukachipua. Tangu hapo, kila majira ya baridi yakikaribia, alikata matawi ya fuksia zake, akaziweka gerejini mahali penye ubaridi usiogandisha, akazinywesha nusu kikombe cha maji kwa mwezi. Siku moja nilichungulia nikaona vijiti vikavu tu. "Mama, hizi kuni za nini?" Akakwangua kijiti kwa ukucha, kijani kikatokeza. "Huyu amelala, kaka. Kwani wewe hujawahi kulala darasani?" Nilicheka kwa sauti iliyosikika hadi mji jirani wa Oakdale, na katika kucheka huko nikasahau nilichofundishwa.

Desturi yetu mnaijua: penye msiba nyumba haiombwi ruhusa, inavamiwa. Kina mama walishika jiko, wanaume tukashika gereji ili tupange viti. Kwa bidii ya watu kumi na wawili nilibeba ndoo nne za vijiti, nikazitupa uani kwenye lundo la theluji lililonifika kidevuni. Nilisifiwa. Nililetewa chai. Siku ya tatu, tulipotoka kuzika, binti yake aliingia gerejini akasimama. Anaelewa Kiswahili chetu chote ila hujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo aliuliza kwa lugha ya mama yake: "Anko, ndoo ya buluu iko wapi?" Nilitoka mbio bila koti. Nilifukua kwa mikono hadi vidole vikakataa kuwa vyangu.

Ndoo zote nne ziko kwangu sasa, kwenye kona yenye ubaridi karibu na ngazi za chini. Tatu nimezikwangua: ni kahawia hadi kwenye mizizi. Ile ya buluu nimeikwangua juu, kahawia, katikati, kahawia, chini kabisa, pale shina linapogusa udongo, kuna kitu ambacho mimi nasema ni kijani na mke wangu anasema ni macho yangu. Kila asubuhi naenda kukitazama. Sithubutu kukwangua tena.

Nawaza jinsi tunavyoishi huku. Najua wenzangu wote wa kanisani wanafanya shifti gani, nani anaingia alfajiri, nani ana kazi mbili. Anachokipenda mtu akirudi nyumbani sikijui, na hata nilipoonyeshwa, nilicheka. Basi jamani, tukienda kufariji, tukakuta kitu tusichokielewa katika nyumba ya marehemu, tukiache kilipo mpaka tuulize. Hata kama viti havitatosha. Watu wasimame.

Binti hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Haniulizi habari za mke wangu wala za kazi. "Anko, yukoje?" Nami, ndoo ikiwa mbele yangu, humjibu kwa neno la mama yake: amelala. Niombeeni nisiwe nimemdanganya mtoto yule.