Siku Maziwa Yalipokataa Kuganda

Nimerudi mtaa wa Raila, Kibera, rafiki yangu, na diploma yangu ya jibini nimeitundika ukutani kwa misumari minne. Niliipata Italia, kwa karo niliyojilipia mwenyewe nikifua mashuka ya wageni. Leo mahoteli makubwa ndiyo yananingoja mimi. Lakini kila asubuhi, kabla sijagusa maziwa, hunusa maji kwanza.

Tuliishi hapa hapa Kibera, katika chumba cha mabati ambacho sasa barabara imepita juu yake. Nyanya aliwapikia masista wa Kiitaliano miaka mingi, na kwao alijifunza jibini bichi, lile linalovutwa ndani ya maji ya moto kama mtu anayesuka nywele. Maziwa yaliletwa na muuza maziwa wa Kawangware. Tulisikia mitungi ikigongana kwenye baiskeli kabla ya kumwona. Nyanya aliyapasha moto, akakoroga dawa ya kugandisha katika kikombe cha maji kutoka chungu cha maji ya kunywa, akamimina, akafunika. Baadaye aliweka mgongo wa mkono juu ya maziwa. Ukitoka bila kuloa, yameganda. Sisi watoto tulipewa yale maji ya kijani yaliyobaki jibini likishatolewa, yangali na joto, pamoja na mandazi.

Mwaka mmoja mvua ilileta kipindupindu. Jirani wa mlango wa tatu alibebwa kwa blanketi, hakurudi. Mwalimu wetu alisema, "Kifuniko kimoja cha dawa ya maji huokoa nyumba nzima." Niliogopa nyanya naye asije akabebwa vile. Alipotoka, nikamimina kifuniko kizima cha dawa hiyo katika chungu cha maji. Sikumwambia mtu.

Siku hiyo mkono wa nyanya ulitoka mweupe, ukichuruzika. Akangoja. Ukatoka mweupe tena. Lilikuwa jibini la sikukuu ya masista. Harufu ya dawa ya maji ilikuwa bado puani mwangu.

Kesho yake baiskeli ilipofika, nyanya alisimama mlangoni. "Umeweka nini kwa maziwa yangu?"

"Mathe, haki ya Mungu, hata tone la maji sijaweka!"

"Wa Kawangware hao!" jirani mmoja akacheka. "Hata ng'ombe wao wanajua kudanganya."

Muuza maziwa akanigeukia. "Mami, si jana nilikuonjesha? Waambie basi."

Nikaitazama miguu yangu. "Sijui," nikasema.

Kufikia Jumapili, majirani wote wa ploti walikuwa wameacha kununua kwake. Mitungi ile hatukuisikia tena.

Miaka mingi baadaye, mwalimu wa Italia alituambia kwamba dawa ya maji huua dawa ya kugandisha. Darasa zima likaandika. Mimi kalamu iliniponyoka.

Nimemtafuta yule muuza maziwa huko Kawangware, kibanda kwa kibanda, na jibini langu bora mkononi. Hakuna anayemjua. Nyanya alikufa akimwita mwizi. Na mimi, fundi niliyesomea kazi hii ughaibuni, bado naweka mgongo wa mkono juu ya maziwa, nafumba macho, naogopa kuuinua.