Ngano ya Arobaini ya Vidka

Jirani yangu Minko aliendesha trekta la kijiji miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo hakuwahi kuchemsha hata yai. Simsengenyi, namsema mbele yake. Mkewe Vidka, shoga yangu wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemdekeza, hakumruhusu hata kugusa mwiko.

Sanduku la mboji nalo lilikuwa la Vidka. Alilipigilia misumari mwenyewe nyuma ya banda la kuku, kwa mbao za ua wa zamani, na chini akaweka kidirisha cha kutolea udongo ulioiva. Tabaka la maganda ya jikoni, tabaka la majani makavu, samadi ya kuku, majivu kidogo. Majani ya mjozi marufuku. Minko naye marufuku, maana mwaka mmoja alimwaga humo machicha ya pombe yake ya plamu, kuku wakafukua, wakalewa chakari. Jogoo alilala siku nzima chini ya ngazi.

Mwezi wa Machi moyo wa Vidka ukasimama, basi, hakuna kuugua wala kuaga. Arobaini ilipokaribia nikamwambia Minko kwamba ngano nitapika mimi.

"Acha, shemeji. Hii nampikia mwenyewe."

"Wewe? Upike?"

"Nimemwona akipika miaka arobaini na sita."

"Hata paka anaona watu wakipika!"

"Nenda kwako, Radka."

Nikaenda, nimenuna. Kwetu ngano ya arobaini si mchezo. Kila anayefika makaburini hula kijiko kimoja cha punje zake, pamoja na sukari na jozi zilizotwangwa, na kusema "Mungu amsamehe." Siku hiyo ndipo roho inaondoka, na kinacholiwa hapa, marehemu anakipata kule.

Siku ilipofika, pale kaburini, Padri Evtim akaibariki ngano ya Minko, akatia kijiko cha kwanza kinywani. Kra! Akashika shavu. Wengine wakameza kama wanaomeza vidonge, wengine wakaitemea kwenye leso, na Minko akawaona wote, mmoja mmoja.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "uliichemsha muda gani?"

"Kuichemsha?" Akanitazama. "Vidka alikuwa anaifunga sufuria kwa blanketi usiku kucha. Nimetia maji ya vuguvugu, nimefunga blanketi mbili."

"Mzee wangu! Alikuwa anaichemsha mchana, wewe uko kwenye trekta!"

Nikacheka. Pale pale kaburini, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

"Ameondoka na njaa," akasema.

Tangu siku hiyo hakutoka nje, ila kupeleka ndoo ya maganda sandukuni. Wiki mbili nikamchungulia juu ya ua: hageuzi, hachanganyi, hatii jani kavu. Harufu ikaanza kunifuata mpaka mezani. Nikachukua uma wa bustani, nikaingia bila hodi.

"Minko! Mboji isipogeuzwa inaoza! Vidka angekuona angekutia wewe humo ndani!"

Akakimbia, akasimama mbele ya sanduku, mikono ameitanua. "Usiguse!"

Nikamsogeza, nikatazama. Jamani. Upande mmoja maganda yamerundikana, na upande wa pili ngano imeota, kijani kibichi, imesongamana, imefika urefu wa kidole. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani, kwa hiyo siku ile alikuwa ameimwaga humo, akaifunika kwa majani.

"Ingechemshwa isingeota," nikasema. Sijui kwa nini nilisema taratibu vile, mimi si mtu wa kusema taratibu.

"Siwezi kuigeuza, Radka. Chakula chake hiki."

Nikaona haya kwa kile kicheko changu, haya ya kweli. Nikapiga magoti, nikafungua kidirisha cha chini. Udongo ukamwagika mweusi, laini, na kipande cha ganda la yai ndani yake.

"Huu ni wa mwaka jana," nikamwambia. "Maganda yake aliyamenya Vidka mwenyewe."

Minko akauchota kwa mikono miwili. Akaunusa. Halafu akasema, "Lete ndoo."

Tukajaza ndoo mbili za udongo, tukaing'oa ngano pamoja na mizizi yake, tukaisukuma kwa toroli mpaka makaburini. Watu walitutazama madirishani; nikawaambia watazame vizuri. Udongo wa Vidka tukamtandikia Vidka. Minko hakutaka koleo. Alitoa mfukoni kijiko cha supu, akawa anaipanda ngano fungu kwa fungu, pole pole, kutoka kichwani mpaka miguuni. Machozi yalikuwa yakimdondoka na hakuyafuta, na mimi pia nililia.

"Miaka arobaini na sita yeye ndiye aliyenipakulia," akasema bila kuinua kichwa. "Radka, sasa atashiba?"

"Atashiba, shemeji."

Akakwangua ndoo, akamwongezea kijiko kingine.