Malong Niliyoikata Katikati

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: siku ya arobaini ya mama yangu, mbele ya wanawake wa Munje nzima, nilibaki na shimizi, sinia la pilau mkononi.

Chanzo ni nguo. Wifi yangu Norhana, mke wa kaka yangu (walikutana Uarabuni kwenye kazi, kwao ni kwa Waislamu wa Ufilipino), alinipa siku tuliyomzika mama. Wao huiita malong: hariri nzito ya manjano, imeshonwa mviringo kama gunia lisilo na kitako, na ubavuni ina utepe mpana wa nakshi uliofumwa kwa mkono. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mama yangu alinipa nikiolewa. Kwetu tunavaa, tunabebea mtoto, tunafunikia maiti. Sasa wewe huna mama. Chukua." Nikaipokea nikilia.

Lakini mimi ninachojua ni leso, na leso huja doti, mbili zimeungana, unakata, unapinda, na wanaopendana kila mmoja huvaa kipande chake. Nikamwuliza shangazi Mwanajuma, ambaye hakuna asilolijua.

"Hiyo imeshonwa kwa makosa, mwanangu. Kata, kimoja vaa, kimoja mpe wifiyo, mvae sare siku ya arobaini. Atafurahi."

Nikaona ni heshima. Nikakata pande zote mbili, na kwenye ule utepe mkasi ukakwama, nami nikaukazania (ndizo akili zangu). Kipande cha wifi nikakikunja nimshtukize nacho siku yenyewe, shughuli za jikoni zikanisahaulisha.

Sasa hariri haishiki kiuno kama pamba. Nimetoka jikoni na sinia, mikono yote miwili imejaa, nikahisi inateremka, nikabana kwa kiwiko, nikabana kwa magoti, nikatembea kama bata, na pa kuliweka sinia hapana, ikaanguka. Wakacheka! Kwenye hitima ya mama yangu! Watu waliotoka kusoma Yasini sasa hivi!

"Mwanasha, hilo pazia umeling'oa hoteli gani Diani?" akasema jirani, na shangazi, huyo huyo, akacheka hadi akafuta machozi.

Aliyeinuka ni Norhana peke yake. Akaiokota anifunike, mkono wake ukagusa ukingo uliokatwa. Akafuata nyuzi za nakshi kwa kidole, polepole.

"Mama yangu amefuma hii kwa mkono wake. Nani amekata?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama makuti.

"Mimi simo," akasema, na hakuna aliyemwuliza. "Mimi nilisema apinde tu."

Apinde! Damu ilinichemka, na hata leo inachemka. Lakini mkasi niliushika mimi.

"Ni mimi, wifi. Nilitaka tuvae wawili."

Akanifunga ile nguo kiunoni, akaondoka. Wiki nzima hakukanyaga kwangu. Kisha akaja na sindano, tukaishona tangu asubuhi hadi alasiri. Nakshi hazikukutana tena, mshono umekaa kama kovu. Tulipomaliza akaivaa, akaivuta mbele ikafunguka, akaniambia, "Ingia."

Nikaingia. Tulienea sote wawili, na nafasi ikabaki.

Tangu hapo mkasi wangu haugusi nguo ya mtu kabla sijamwuliza mwenyewe inavaliwaje. Na shangazi akija na ushauri, namkaribisha kwa chai, nampa shikamoo yake kamili, na ushauri wake anaondoka nao.