Paa la kuezekwa mvuani

Saa mbili asubuhi mvua inanyesha Hamravík, kijiji cha pwani katika Visiwa vya Faroe, na Rannvá Dam amepiga magoti juu ya kiwanda cha kusokota sufu. Ni fundi paa, ana miaka hamsini na mmoja. Ngazini watu wamejipanga wakipokezana mabamba ya nyasi yaliyokatwa malishoni pamoja na udongo wake.

"Nyasi juu, udongo chini!" anawafokea. "Kuna mtu kanipa hili limepinduka, na namjua!"

Wanacheka. Miezi miwili iliyopita hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka naye.

Dhoruba ya Januari iliyang'oa mabati ya kiwanda hicho ikayatupa baharini, kwa mara ya pili. Mwenye kiwanda, Høgni, aliapa kwamba paa jingine likishindwa atauza mashine na kufunga. Hamravík haina kazi nyingine ya maana. Malan, mdogo wake Rannvá, anasokota nyuzi humo tangu amalize shule.

Safari hii Høgni alichagua tabaka za lami, zile za kubandikwa kwa moto wa gesi. Rannvá akakubali kazi.

"Ni paa zuri, silisemi vibaya," anasema. "Ila linataka mbao kavu. Siku mbili kavu hapa kwetu unaziomba kwa Mungu, na Mungu ana wengi wa kuwasikiliza."

Walingoja majuma mengi, turubai likivuja na sufu ikilowa. Mwishowe jua likatoka Jumamosi, mbao zikakauka. Siku ya kubandika ikawa Jumapili.

Hamravík, Jumapili haianikwi hata soksi. Høgni mwenyewe huimba kwaya, lakini shida haina adabu: alikwenda kumgongea Rannvá mlango, akimsihi afanye kazi. Rannvá akakataa. Jumatatu mvua ikarudi.

"Ulikuwa na jua mkononi ukaliachia," Malan alimwambia mbele za watu. "Mtakatifu wee! Kiwanda kikifungwa, kanisa litatulisha?"

Kuanzia hapo mdogo mtu hakumsalimia tena dada yake.

"Nililia, sikufichi," anasema Rannvá. "Halafu nikajiuliza, paa gani hili linagombana na mvua yetu na Jumapili yetu pia?"

Akamwendea Høgni na wazo la kuezeka nyasi, kama nyumba za zamani. Karatasi nene ya plastiki inapigiliwa hata mvua ikinyesha, juu yake yanapangwa mabamba, na upepo unapambana na uzito. Høgni alimcheka. Kiwanda kizima kivae kofia ya bibi?

Mhandisi aliyeitwa kutoka mji mkuu, Tórshavn, hakucheka, ila alipiga hesabu. Nyasi zikilowa, mita moja ya mraba hukaribia kilo mia mbili, na boriti zilizokuwepo zisingebeba. Rannvá alitamani jibu jingine, lakini alisikiliza. Boriti zikaongezwa maradufu, nguzo mpya zikasimamishwa kati ya mashine. Ndipo Høgni akasema haya, jaribu.

Mchana wanakula nyama ya kondoo iliyokaushwa, wamesimama, kisha wanarudi ngazini. Malan hajaomba radhi na Rannvá hajadai. Lakini leo Malan ndiye aliyesimama juu kabisa ya ngazi, akimpa dada yake kila bamba mkononi. Mwandishi huyu alifurahi kuliko inavyompasa.

Nyasi zinahitaji kiangazi kizima zishike mizizi. Rannvá anataka baadaye aezeke hivyo hivyo ghala la samaki la kijiji jirani, ila haahidi kitu kabla majira ya baridi hayajapita.

"Dhoruba ya kwanza ikija nitalala humu kiwandani," anasema. "Paa likiondoka, nataka niwepo."

Malan, tope hadi viwikoni, anamsogezea bamba jingine.

"Peke yako?"

"Nani mwingine atakubali?"

"Tandika pawili, dada."