Koenzaimu ya Moyo Iliyoombewa Kabla Sijakataa

Jameni, mtu anakataaje dawa ikishaombewa?

Leo hapa Kitale, mwenyekiti wa akina mama kanisani amekuja kumwona mamangu, mgonjwa wa moyo.

Chai hata haijapoa, ametoa mkebe wa vidonge vya koenzaimu anavyouza. Ati vinapea moyo nguvu.

Shida ni kwamba mama anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari alituonya tusiongeze kitu bila kumuuliza.

Nikafungua mdomo nikatae.

"Tuombe!" mwenyekiti akasema.

Bana! Macho nimefunga, mkono nimeshikwa, nasikia mkebe ukibarikiwa. Nikisema amina, si nitakuwa nimekubali?

Nikasema amina. Ningefanya nini?

Mama ameshashika kikombe cha maji.

"Sasa mwanangu, tufungie na maombi," mwenyekiti akaniambia.

Nikafunga macho tena.

"Bwana, asante kwa mkebe huu. Utangulie mbele yetu kesho tukiupeleka kwa daktari, kabla mama hajameza hata kidonge kimoja."

"Amina!" mama akaitikia kwa nguvu, akaweka kikombe chini.

Mwenyekiti naye akasema amina, polepole, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.