Sweta za Wifi

Nilimwonea wivu wifi yangu kwa miaka mingi, na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kila alichohitaji kuanzia nilimwandikia mimi kwa mkono wangu.

Wifi ni mke wa kaka yangu, naye ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Walikaa Sakina, nyuma ya magereji ya barabara ya Nairobi. Alikuwa katibu muhtasi wa ofisi moja mjini mpaka ofisi ile ilipofungwa, na alichojua ni kupiga chapa, kuongea na simu na kuandika barua za Kiingereza zisizo na kosa. Kushona kifungo kulimshinda. Mimi nilikuwa fundi. Nilifuma miaka kumi na moja katika kiwanda cha umma, na kilipouzwa kwa mtu binafsi tukapunguzwa kazi. Nikanunua mashine moja ya mkono, nikapanga chumba Elerai, nikaanza kufuma sweta za shule. Kwa baridi ya huku kwetu, hakuna mzazi anayemwacha mtoto bila sweta.

Shule zikaniamini. Ya kwanza ilikuwa shule moja ya binafsi kule Sekei, zikafuata nyingine mbili. Mashine ya mkono ikazidiwa. Benki zilitaka hati ya nyumba, na mimi nilikuwa mpangaji. Ndipo nikasikia habari za mfuko wa uwekezaji huko Dar es Salaam, wenye fedha kutoka nje, ambao haukopeshi bali unanunua hisa. Wanakupa mtaji, wanakuwa wabia wako, na kampuni ikikua wanauza sehemu yao kwa faida na kuondoka zao.

Nilihangaika nao karibu mwaka mzima. Mwishoni walikubali, wakachukua zaidi ya nusu ya kampuni. Nilisaini kwa furaha. Zikaja mashine nne kubwa, nikapanga banda, nikawaita wanawake sita niliofanya nao kazi kiwandani. Na kila mwezi akawa anakuja mwakilishi wa mfuko, mtu mzima, mpole, mwenye mkoba wa ngozi. Hakuwahi kunifokea. Lakini sikuweza kubadili hata rangi ya uzi bila kumwandikia na kusubiri jibu lake.

Wakati huohuo wifi alikuwa nyumbani hana kazi. Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwao kula. Tulipomaliza akanisogelea na daftari.

"Shikamoo tena, wifi. Nina shida ndogo."

"Marahaba. Shida gani?"

"Naomba uniandikie sweta."

"Nikuandikie au nikufumie?"

"Uniandikie. Mtu ambaye hajawahi kuiona asome tu, aifume."

Nikacheka. Nikavuta daftari na kuanza kuandika, maana nilipenda kuonyesha ninavyojua. Niliandika vipimo vya kila umri, idadi ya vitanzi, unene wa uzi, hata namna ya kushona bega lisilegee mtoto akivutwa na wenzake. Kurasa nne. Kaka alipita akachungulia, akasema dada yake ni profesa.

"Unampelekea nani?" nikamuuliza wifi.

"Kuna kiwanda India. Nimewaandikia faksi, wamejibu. Wanafumia maduka ya Ulaya, na wanakubali hata oda ndogo."

"Na mtaji?"

"Wazazi wanatoa kianzio wakiandikisha watoto. Kiwanda nacho kinataka kianzio. Sweta zikifika, wazazi wanamalizia."

"Basi? Huna banda, huna mashine?"

"Za nini, wifi?"

Nilimhurumia kweli. Nikarudi Elerai nikawasimulia wale wanawake sita, tukacheka wote.

Muhula uliofuata shule ya Sekei haikuniita. Nilikwenda mwenyewe kumwona mwalimu mkuu, akaniambia kwa upole kwamba wamepata sweta kwingine, nzuri na za bei nafuu. Sikuuliza kwa nani. Nilikwenda duka la sare la shule hiyo nikanunua moja, nikaificha ndani ya kanga kama niliyeiba. Nyumbani nikaigeuza ndani nje. Nilivuta mishono, nikalowesha mkono wa sweta kwenye beseni nione kama rangi itachuja. Haikuchuja. Bega lilishonwa vilevile nilivyoandika. Nilitafuta kosa jioni nzima, na kadiri nilivyolikosa ndivyo roho ilivyozidi kuniuma.

Watu walidhani namwonea wivu wa pesa. Sikujua hata alipata kiasi gani. Nilimwonea wivu wa asubuhi zake. Niliamka saa kumi na moja kufungua banda, nikiwaza mashine iliyokwama na taarifa ya mwezi ya kupeleka Dar es Salaam. Yeye alikunywa chai na mumewe, akaenda kwenye intaneti kafe mjini, akaandika barua mbili, akarudi kupika. Hakuna aliyemuuliza chochote. Kampuni yake ilikuwa yake yote, na ilikaa ndani ya mkoba wa kwapani.

Mwakilishi wa mfuko alipoona tumepoteza Sekei aliuliza kwa nani. Nikamwambia. Nilitegemea akasirike kwa niaba yangu. Badala yake akasema, "Naomba unitambulishe kwake."

Nikampeleka Sakina. Wifi akatukaribisha chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga, yule bwana akafungua mkoba. Alizungumza vizuri sana. Alimwambia mfuko uko tayari kuweka fedha kwake, na masharti yanazungumzika. Mimi hakuwahi kuzungumza nami masharti. Nilinyanyua kikombe nikakishikilia mdomoni bila kunywa.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nashukuru sana, mzee. Ila hiyo fedha nitainunulia nini?"

"Utapanua. Utanunua vifaa."

"Vifaa wanavyo wao kule."

"Basi ofisi."

Wifi akaangalia meza yake, yenye kitambaa cha maua na simu moja. "Hii inanitosha. Na nikikupa sehemu ya kampuni, nitakuwa nakupa kazi yangu ya kuandika barua. Hiyo naweza mwenyewe."

Alisema bila kiburi chochote, tena akamwongezea chai. Njiani kurudi yule bwana aliniambia, kama anayeongea peke yake, kwamba watu wa namna hiyo wanaongezeka, na wao wenye mifuko itabidi wafikiri upya. Nilikuwa nawaza kurasa nne nilizoandika. Ningeweza kuzipeleka India mimi. Sikulijua hilo nilipokuwa nasaini.

Miezi michache baadaye wifi alipata shule ya bweni upande wa Ngaramtoni, kwenye baridi kali, iliyotaka sweta za shingo ndefu. Sampuli ilipofika aliniletea Elerai, kwenye banda langu, mashine mbili zikiwa zimezimwa kwa kukosa kazi.

"Shikamoo, wifi. Niangalizie, wewe ndiye fundi."

Niliichukua. Ilikuwa sweta nzuri, ya kijani kilichoiva. Nikapitisha vidole shingoni na nikajua palepale. Walikuwa wamekaza mno vitanzi vya mwisho, ukingo hauvutiki. Juu ya meza ulionekana maridadi. Kichwa cha mtoto kisingepita bila vita.

Wifi alikuwa ananitazama usoni, anasubiri.

"Nzuri," nikasema. Nikaikunja, nikamrudishia.

Alinishukuru, akaondoka. Nilirudi kwenye mashine na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaimba wimbo wa kwaya. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Furaha hiyo haikufika mbali. Sweta zilipofika, kaka alinijia kazini, akaniambia matroni wa ile shule alikuwa akiwavalisha watoto wa darasa la kwanza. Binti mmoja alikwama kichwa kikiwa ndani, akapaparika akilia kwamba hapumui, na walipomvuta sikio likachanika kidogo. Shule imerudisha mzigo wote. "Amekaa kitandani toka jana," kaka akasema, "hata kula hali." Nilikuwa nimetaka wifi aaibike. Huyo mtoto sikumfikiria hata kidogo.

Kesho yake wifi akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa banda, macho yamevimba.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Ulijua?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema sikuangalia vizuri, mwanga ulikuwa mdogo. Lakini wale wanawake sita walikuwa wamesimamisha mashine wanatutazama, na wote ni mafundi, na sampuli ile waliiona.

"Nilijua," nikasema.

Hakulia wala hakunitukana. Aliketi kwenye gunia la nyuzi. Halafu akasema, "Fungua hizo shingo zote, uzifume upya. Nitakulipa kama ningemlipa mtu baki."

Neno hilo, mtu baki, liliniingia kuliko tusi. Tulifungua shingo kwa mikono, moja moja, tukazirudia kwenye mashine, wiki tatu nzima. Alikuwa akija kila asubuhi, anachukua sweta yoyote kwenye rundo na kumvalisha mtoto wa jirani. Alilipa mpaka senti ya mwisho, akashukuru, akaenda.

Hakuniletea sampuli tena. Alimpata mama mmoja wa Moshi, fundi mstaafu, akawa anamkagulia. Mfuko nao haukukaa. Yule bwana alikuja mara ya mwisho, akaeleza kwa upole uleule kwamba wanauza mashine ili kuokoa walichoweza. Zilipakiwa kwenye lori mbele yetu. Wale wanawake nikawaaga mmoja mmoja, na mmoja wao, tuliyeanza naye kiwandani tukiwa wasichana, alikataa kunipa mkono.

Nilibaki na ile mashine yangu ya zamani. Nikamfuata wifi Sakina, nikamwomba radhi mbele ya kaka. Alinisamehe, nadhani. Nikamwomba na anwani ya kiwanda cha India, wanifumie shali za watoto wachanga ambazo yeye hauzi.

"Hapana, wifi," akasema. "Tafuta chako."

Nikaenda mjini, intaneti kafe. Sikwenda kwa sababu wivu ulikuwa umepoa, bali wivu huohuo ndio ulionisukuma. Nililipia saa nzima, nikaandika barua kwa kidole kimoja, Kiingereza cha kuokoteza, nikaituma kwa viwanda vitano. Kila Ijumaa nilirudi nikakuta hakuna kitu. Ijumaa ya nne kimoja kilijibu. Walikuwa tayari kunifumia sampuli, na katika barua yao yote waliniita Mheshimiwa Bwana.

Niliwajibu palepale, na sikuwasahihisha.